Mivinje ya Wattaya: Maisha ya Harub bin Suud

Kina mama na kina bibi mliokaa humu, wa jirani na mliotoka mbali huko Yiti, leo Ijumaa tarehe 5 Juni 1970, siku ya tatu ya matanga haya, familia imemtaka Kheiria binti Suud, dada wa marehemu wa tumbo moja, asome maisha ya kaka yake, kwa sababu wanaume wamekwisha kusoma yao msikitini na hayakuzidi dakika tano, na kwa sababu Kheiria anajua kuandika. Ameyaandika kwa mkono wake, na humu amejitaja kwa jina kama alivyowataja wengine, asipate pa kujificha. Atakayetaka kutoka, mlango uko wazi, lakini kahawa haitapita mpaka karatasi hizi ziishe.

Marehemu Harub bin Suud bin Ghanim alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Aprili 1917, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na Kheiria akamfuata miaka sita baadaye. Alihitimu Kurani chuoni hapo hapo Wete akiwa na miaka kumi, akaingia skuli ya serikali mjini Unguja kuanzia mwaka 1928 hadi 1934, ambako walimu walimwandika kuwa hodari wa hesabu na mzito wa maneno, sifa mbili ambazo hakuziacha mpaka siku tuliyomfunga sanda.

Mwaka 1938 alipelekwa bara, kwenye shamba kubwa la misaji upande wa Tanga, akakaa huko miaka mitatu na kujifunza kazi iliyokuja kumponza, nayo ni kazi ya kupunguza miti. Wengi wenu mliisikia kazi hii kwa kuilaani tu, basi leo mtaisikia kwa kuelezwa. Miti ya mbao hupandwa mingi na kwa karibu, ili isipate nafasi ya kutanua matawi, ikimbilie juu na kunyooka, lakini ikishafika mahali majani yamegusana, kila mmoja unaunyang'anya mwenzake mwanga juu na maji chini, na hapo ndipo anapotakiwa mtu aingie na shoka aondoe nusu, aanze na iliyopinda na yenye panda na iliyodumaa, kisha aondoe hata mizuri iliyosogeleana na mizuri zaidi. Asipotokea mtu huyo, hakuna mti utakaokufa kwa haraka, yote itaishi, na yote itakuwa myembamba. Akichelewa, hata akija kukata, iliyobaki haina tena nguvu ya kunenepa, na upepo wa kwanza unailaza.

Kuanzia mwaka 1941 hadi Januari 1964 alifanya kazi katika idara ya kilimo Unguja, akisimamia mivinje ya upande wa kusini, na watu walimwita Bwana Miti mbele yake na Mchinja Miti nyuma yake. Tarehe 20 Agosti 1949 alimuoa Nasriya, binti wa Bibi Sayyida aliyekaa pale kwenye zulia, wakajaaliwa watoto wawili, Suud aliyezaliwa mwaka 1951, ambaye yuko Kuwait na hakupata ruhusa ya kuingia nchini kumzika baba yake, na Mahbuba, aliyezaliwa tarehe 7 Juni 1955. Mahbuba alifariki tarehe 2 Machi 1964, kwa homa ya siku nne, katika kambi tuliyowekwa baada ya mambo kupinduka, akazikwa na watu wasiomjua jina, baba yake akiwa amefungiwa upande wa wanaume, akaambiwa wiki moja baadaye. Mumewe Kheiria, Mahfoudh, alikuwa ameshauawa Januari. Amur, mwana wa pekee wa Bibi Sayyida, alitoka kutafuta mkate akapotea mpaka leo. Haya mnayajua, na kila mmoja humu ana yake.

Tulishuka bandari hii ya Matrah, nchi ya Waarabu walikotoka mababu zetu, tarehe 19 Agosti 1964, nyumba saba za jamaa, bila godoro. Wengine walitoka na dhahabu ndani ya mkanda, Harub alitoka na mbegu za mivinje ndani ya leso, na Bibi Sayyida alipoiona leso ile ikifunguliwa alicheka kicheko kibaya, akasema mkwe wake amewaletea punje za kulisha kuku wasiokuwa nao.

Binamu yetu Sheikh Thabit, ambaye wazee wake hawakuhama nchi hii, alitupa kipande cha ardhi hapa Wattaya, chenye kisima cha kuvutwa na ng'ombe, maji yake ya chumvichumvi yasiyokubaliwa na mtende, akatupa na nyumba hizi za udongo tukae, kwa sharti moja alilolitamka mbele ya wanaume wote. Kufika mwezi wa tano wa mwaka 1970 alitaka boriti mia moja za kuezekea, kila moja urefu wa dhiraa nane na unene wa shubiri mbili kwa kuzungusha mkono, kwani boriti za kutoka kwetu zilikuwa zimeanza kuadimika. Zikipatikana, ardhi na nyumba ni zetu na watoto wetu. Zisipopatikana, tutoke. Harub alipiga hesabu zake juu ya mchanga, akasema mivinje inastahimili chumvi, na kwamba akipanda mia mbili na arobaini, akapunguza nusu katika mwaka wa tatu, atabaki na mia na ishirini minene, mia za Sheikh na ishirini za bahati mbaya.

Miche ilipandwa Februari 1965, na hapo ndipo marehemu alipofanya kosa ambalo mtu wa namna nyingine asingelifanya. Kila mche ulitaka debe la maji siku baada ya siku, wanaume walikuwa wametawanyika kutafuta vibarua, na wanawake wetu, waliozoea kuteka maji mferejini kwa bomba, walikuwa hawataki hata kukisogelea kisima. Basi Harub, mtu wa hesabu, aliwaambia kina mama wachague, kila mmoja achukue miche kwa idadi ya watu wake waliokufa, waliopotea, na waliolala makaburini Unguja na Pemba bila mtu wa kuwasomea Yasini, kila mche upewe jina na ufungwe kipande cha kanga. Hapana aliyehitaji kuambiwa mara ya pili. Siku tatu tu, majina yalikuwa yamemaliza miche, wakabaki watu wanagombana nani amuache nje babu yake. Tangu hapo maji hayakukosekana, kwani nani angelala na mwanawe ana kiu? Bibi Sayyida mwenyewe, kwa magoti yale, alikuwa akibeba debe la Amur, na kumwambia mche habari za nyumbani, na miti ikapanda kwa namna ambayo Sheikh Thabit alikuwa akileta wageni waione.

Harub alipata maji bure, na alidhani atayalipa kwa kivuli. Lakini hakuwa mjinga kiasi mlivyomdhania, kwa maana alijua kwamba siku ya shoka itafika, na aliuogopa mkono wake mwenyewe. Siku ya kufunga vipande vya kanga alimwita Kheiria pembeni, akampa kipande cha gauni la Mahbuba, akamwambia, "Mfungie wewe, popote utakapopenda, na usinambie ni upi, wala mama yake asinambie." Kheiria alikifunga yeye, na Harub akiwa ametumwa Matrah kutafuta kamba. Ndiyo sababu marehemu hakuonekana shambani hata siku moja saa za kumwagilia, nanyi mkasema ni mvivu, anawafanyisha kazi wajane naye amekaa. Hakutaka kuona Nasriya anasimama mbele ya mti gani.

Baada ya miaka miwili na nusu majani yaligusana, matawi ya chini yakaanza kukauka, na vipande vya kanga vikawa vimeoza na kuanguka, ingawa kila mwanamke alijua wake kwa safu na kwa hatua. Harub alizunguka na kamba na chokaa, akaanza na upande wa juu wa shamba, miti mia na ishirini, akaipima mmoja mmoja, akaipa namba, akaandika daftarini, akapiga alama itakayokatwa. Alianza kukata Jumamosi tarehe 11 Novemba 1967, na mti wa tatu kuanguka ulikuwa wa Mahfoudh, mumewe Kheiria, mti uliogawanyika panda mbili kwenye usawa wa kiuno, usiofaa hata mpini. Kheiria alikuwa amesimama na debe mkononi. Aliyamwaga maji pale pale chini, akenda zake ndani, na kaka yake hakugeuka kumtazama kwa sababu hakujua amekata nini.

Kufika Jumatatu tarehe 13, upande wa juu ulikuwa umebaki na miti sitini, na wa Amur, uliopinda kuelekea kisimani, haukuwamo. Bibi Sayyida alikuja akakalia kisiki chake, kina mama wote nyuma yake, akasema maneno ambayo kila aliyekuwapo anayakumbuka.

"Wa Amur wangu umeukata, na wa mwanao umesimama. Wallahi huna haya, Harub. Umewachagua maiti!"

Harub alikuwa na shoka begani, na jasho limemchuruzika hadi kwenye ndevu, akasema, "Mama, mie nnakata kwa kamba, sikati kwa mtu. Wa Mahbuba siujui hata uko wapi. Muulizeni Kheiria, yeye ndiye aliyeufunga."

Wote wakamgeukia Kheiria. Naye Kheiria, ambaye ndiye anayesoma karatasi hii, ambaye alijua kwamba kaka yake hajasema ila kweli tupu, alimtazama usoni, akamuona Mahfoudh amelala na panda zake mbili kwenye mchanga, akasema, "Mie sijui kitu. Mambo ya miti yake anayajua mwenyewe."

Alisema hivyo na alitaka kusema hivyo. Shetani hakumpitia wala ulimi haukumteleza, alitaka naye aumie, na aliona namna uso wa kaka yake ulivyofungika, akapata raha ya moyo iliyodumu kama nusu saa.

Kutoka saa ile Harub hakuwa na neno tena shambani. Upande wa chini, miti mia na ishirini, ulisimamiwa na kina mama kwa zamu, kila alipoingia na shoka alikuta wanawake wameukumbatia kila mti, na wanaume, waliojua sharti la Sheikh Thabit kuliko mtu yeyote, walisema wao hawawezi kugombana na kina mama, wakaenda zao barazani. Nasriya alihamia nyumba ya mama yake na kipande chake cha jamvi. Harub alibaki katika banda la kisimani, na miaka miwili na nusu hakuna mtu wa nyumba saba hizi aliyemwitikia salamu kwa ukamilifu, watoto walifundishwa kumkimbia, na siku ya Idi sinia yake ilikuwa ikiwekwa juu ya ukuta kama ya paka. Mara moja alimwendea Kheiria mlangoni, mwaka 1968, mwezi wa Machi, akasema bado upo wakati, upande wa chini ukikatwa mwezi huu utanenepa, na Kheiria akamwambia ana mkate motoni.

Miti haikugombana na mtu, ilifanya inavyofanya. Ile sitini ya juu, iliyopata nafasi, ilitanuka vichwa na kujaa shina, kila mwaka kamba ya Harub ikawa haifiki, na ile mia na ishirini ya chini ilikwenda juu sawasawa nayo, kwa urefu hapana tofauti, lakini ilibaki fito, majani yakiwa kileleni tu kama ufagio uliogeuzwa, na thelathini na moja ilikauka ikiwa imesimama, na kina mama wakaendelea kuimwagilia mikavu. Marehemu aliandika yote daftarini. Ukipima kwa kuni, aliandika, pande mbili zinakaribiana, hakuna kilichopotea, ukipima kwa boriti, upande wa chini ni bure.

Maradhi yalimuanza Februari 1970, kikohozi, kisha damu. Tarehe 9 Aprili Mbaluchi anayeongoza ng'ombe wa kisima alimpandisha juu ya punda wake akampeleka hospitali ya Matrah, daktari akamsikiliza kifua, akasema anahitaji kitanda, na mtu wa nyumbani wa kukaa naye, kumlisha na kumgeuza. Akauliza mtu huyo ni nani. Mbaluchi alirudi hapa akauliza mlango kwa mlango, na milango hiyo mnaijua kwa kuwa ni yenu, akarudi peke yake, na mgonjwa akarejeshwa bandani.

Hata hivyo, mwezi wa tano ulipoingia, aliikata miti yake sitini kutimiza ahadi, kwa msumeno wa watu wawili, upande mmoja Mbaluchi na upande mmoja mtu anayetema damu, wakapumzika kila baada ya mti, na kina mama wakati huo walikuwa upande wa chini wakimwagilia. Sheikh Thabit alifika Jumatano tarehe 20 Mei, akaipima yote kwa kamba, akapata boriti hamsini na nane kutoka juu, na nne kutoka chini, zilizoota ukingoni na kupata mwanga. Sitini na mbili. Hakupandisha sauti. Alisema ahadi ilikuwa mia, na mwezi wa Juni ukiisha anaitaka ardhi yake na nyumba zake. Kwa hiyo kina mama mnaouliza kwa nini mikeka hii imeazimwa, ni kwa kuwa yetu imeshafungwa tuhame.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 3 Juni 1970, saa tatu ya asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Alikuwa akiomba maji tangu alfajiri, na sauti yake ilifika nyumba zote, kwa maana asubuhi hiyo hapakuwa na upepo. Wanawake waliobeba madebe miaka mitano kwa miti hawakumpelekea kikombe. Kheiria aliisikia. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa viatu, na hakunyanyuka.

Familia inamshukuru daktari wa Matrah, aliyeuliza swali la haki na hakujibiwa. Inamshukuru yule Mbaluchi, na inamshukuru Muhsina mkewe, ambaye hana udugu nasi wala lugha yetu haijui, na ndiye aliyemtilia marehemu maji mdomoni kwa pamba na kumfumba macho. Inawashukuru wenzake wa kazi wa zamani, walio Unguja na walio chini ya udongo, ambao hatuna njia ya kuwapa habari. Inawashukuru majirani na jamaa kwa kuja leo kwa wingi huu, tangu Novemba 1967 hamjawahi kumtembelea wengi namna hii.

Inamshukuru pia Sheikh Thabit kwa mti mmoja. Wenyeji huziba mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi anamolazwa maiti, kwa mawe, lakini wanaume wetu walisema Mzanzibari atafunikwa kwa mti, wakaingia upande wa chini na mapanga, wakatoka na fito, na fito zikapinda chini ya unyayo wa mtu, seuze udongo. Ikabidi waombe katika boriti zilizokwisha kuhesabiwa, Sheikh akawaambia wachukue moja, wakachukua iliyo nene kuliko zote, wakaikata vipande, wakavipasua kati, vikamfunika kutoka kichwani hadi miguuni, na kikabaki kimoja.

Kheiria amekileta kipande hicho, kiko hapa, kina namba ya chokaa. Na chini ya mto wa marehemu aliokota daftari, akalifungua kwenye namba hiyo, na humo mmeandikwa hivi: "Kumi na saba. Umenyooka tangu chini. Shubiri mbili na vidole vitatu. Mzuri kuliko yote. Wa nani, sijui."

Basi pumzika sasa, kaka Harub, kwa amani tuliyokunyima. Wa kumi na saba ni wa Mahbuba.